Supacharja au injini kubwa? Hesabu ya Prado ya 2.7

Weka pistoni mbili kuukuu kwenye benchi la fundi. Moja imetoka kwenye 2TR, injini ya petroli ya lita 2.7 ya Toyota, nyingine kwenye 1GR, V6 ya lita 4.0. Zifute masizi, chukua kalipa, pima. Ya kwanza inaingia kwenye silinda yenye upana wa milimita 95, ya pili milimita 94. Mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 95 kwa zote mbili. Kwa hiyo ile injini "ndogo" inayotukanwa mlima mzima wa Kitonga ina silinda kubwa kidogo kuliko za ile "kubwa". Ila yenyewe inazo nne, mwenzake anazo sita.

Nilizitoa pistoni hizo kabatini siku jamaa yangu mmoja aliponijia na swali ambalo wenye Prado ya 2.7 wengi huishia kuliuliza. Yeye huenda Mbeya mara kwa mara, watoto nyuma, magunia juu ya keria, na akifika Kitonga anarudi hadi gia ya pili nyuma ya malori, mguu umekandamiza mafuta hadi sakafuni na gari halina habari. Ameona mtandaoni watu wanafunga supacharja, ile pampu ya kushindilia hewa kwenye injini. Shemeji yake anamwambia aachane na mambo ya kupuliza, atafute V6 ya lita 4.0 abadilishe injini. "We niambie tu, ipi ina nguvu zaidi?"

Likiulizwa hivyo, swali halina jibu la maana. Njia zote mbili zinaongeza kitu kilekile, hewa. Zinaachana kwenye bili: inakuja lini, na inalipwa na kipuri gani.

Injini ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Kuongeza mafuta si kazi, pampu na injekta zipo. Kazi ni hewa. Tunasema injini inanyonya hewa, lakini kwa kweli pistoni ikishuka inaacha nafasi tu, na anga yenyewe ndiyo inayosukuma hewa iijaze. Pale Dar, usawa wa bahari, msukumo huo ni kama kilopaskali 101, uwe na Vitz au uwe na V8. Kila mizunguko miwili ya krenki, kila silinda inapata pumzi moja. Ukitaka hewa zaidi bila kuizungusha injini kwa kasi zaidi, ama uongeze chombo, ama uishindilie hewa kwenye chombo ulichonacho.

Wasimamizi wa mashindano ya magari walishalijua hili. Enzi za Group B, daraja la magari ya rali la miaka ya 1980, injini yenye turbo (ndugu wa supacharja anayezungushwa na moshi wa injini) au supacharja ilihesabiwa kwa kuzidisha ujazo wake kwa 1.4. Ndiyo maana Lancia Delta S4, gari lililokuwa na turbo na supacharja kwa pamoja, lilikuja na cc 1,759, namba ya ajabu ukiiangalia peke yake. Zidisha kwa 1.4: unapata karibu 2,463, chini kidogo tu ya mpaka wa daraja la cc 2,500. Kwa macho ya sheria, kupuliza hewa ni kuwa na injini kubwa iliyojificha.

Sasa turudi kwa Prado. V6 ina cc 3,956, ile ya silinda nne ina 2,694. Gawanya: 1.47. Kwa karatasi tu, ukiipulizia 2.7 hewa yenye msukumo mara moja na nusu wa anga, yaani nusu baa juu ya kawaida, au psi 7 kwenye geji, umepata 4.0 yako bila kugusa bloku. Hapo ndipo jamaa yangu alipotaka kuinuka aende akaagize. Nikamwambia akae, maana karatasi hiyo imesahau joto.

Umewahi kupampu tairi la baiskeli ukashika pampu baada ya dakika mbili? Hewa ikigandamizwa inapata moto, na hewa ya moto inatanuka, kwa hiyo sehemu ya ulichokigandamiza inakuponyoka. Chukua siku ya kawaida Dar, nyuzi 27. Supacharja yenye ufanisi wa asilimia 60, ambao ni wa kawaida kwa aina ya Roots (ile ya rota mbili zinazosukuma hewa), ikiisukuma hewa hiyo kwa uwiano wa 1.5 inaitoa ikiwa na nyuzi 88 hivi. Ukipiga hesabu ya uzito wa hewa iliyoingia, hukupata nyongeza ya asilimia 50. Umepata 25. Nusu ya ulichokilipia imegeuka joto.

Ukiweka intakula, yaani kipoza hewa, kati ya supacharja na injini, ukaishusha hewa hadi nyuzi 50, nyongeza inapanda kufikia kama asilimia 39. Ndiyo maana mtu akiniambia gari lake "lina supacharja", swali langu la kwanza ni intakula. Seti za TRD zilizokuwa zikiuzwa Marekani kwa V6 ya lita 3.4 ya Toyota hazikuwa nayo, na zilifanya kazi, ila zilibaki kwenye msukumo wa kiasi kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna anayeizungusha. Turbo inatumia moshi uliokuwa unatoka zake nje. Supacharja inavutwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krenki, kwa hiyo inakula kutoka kwenye sahani ileile inayoijaza. Kwa 2.7 ikiwa kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika na nusu baa, penseli yangu inatoa kama kilowati 11, yaani farasi 15 hivi, zinazoishia kwenye mkanda. 2TR ya kawaida ina farasi 160 hivi. Weka intakula, toa za mkanda, unabaki na kama 205. Bila intakula, 185. V6 ya 4.0, ikiwa imetulia tu bila kupulizwa na mtu, ina karibu 240.

Kwa hiyo shemeji ameshinda? Ngoja kwanza, maana mpaka hapa nimeionea supacharja.

Mercedes-Benz waliwahi kuziweka njia hizi mbili kwenye duka moja, kwenye C-Class ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambayo bado imejaa barabarani kwetu. C200 Kompressor ilikuwa na silinda nne, cc 1,796, supacharja na intakula: farasi 163. C240 ilikuwa na V6 ya cc 2,597 isiyopulizwa: farasi 170. Ukiangalia farasi peke yake utaona wanalingana na V6 iko mbele kidogo. Sasa angalia msokoto, ule mvuto wenyewe unaokusukuma mgongo. Zote mbili zina mita-newtoni 240. Ila V6 inazitoa kwenye mizunguko 4,500, na Kompressor inazitoa kuanzia 3,000 hadi 4,000. Dereva wa kawaida anaishi chini ya 4,000. Kwenye foleni ya kutoka Ubungo, au unapotaka kulipita basi kabla ya kona, yule mwenye silinda nne ndiye mwenye gari jepesi mguuni.

Hiyo ndiyo sifa halisi ya supacharja ya Roots: haingoji. Kila mzunguko wa krenki inasukuma kiasi kilekile cha hewa, uwe kwenye 1,500 au 5,000. Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, waliipatia hataza mwaka 1860, wakati hakuna gari la petroli hata moja duniani, na ikapata kazi ya kupuliza hewa kwenye tanuru za chuma. Ni mashine ya kiwandani iliyopanda gari. Ile aina nyingine, yenye feni ya kutupa hewa pembeni kama ya turbo, haiipashi hewa moto sana kama Roots lakini msukumo wake unakuja juu kabisa kwenye mizunguko, na kwa Prado inayobeba magunia sioni inamfaa nani.

Kodi nayo ina mkono wake. Nchi nyingi hutoza kwa cc, na cc ndicho kitu pekee ambacho supacharja haiongezi. Italia ilipokuwa ikiwabana wenye injini zaidi ya lita mbili, Ferrari wenyewe walitengeneza V8 ya lita mbili na kuifunga turbo, ile 208 Turbo ya mwaka 1982. Kwetu Tanzania ushuru wa bidhaa wa gari linaloingizwa unapanda ukivuka cc 1,000, unapanda tena ukivuka 2,000, kwa hiyo 2.7 na 4.0 ziko kapu moja. Mkenya hana bahati hiyo: gari la petroli likivuka cc 3,000 linaingia daraja la juu zaidi.

Turudi kwenye pistoni za benchini, kwa sababu hapa ndipo uamuzi ulipo.

Kwenye V6, kila silinda inabeba mzigo wake wa kawaida, kisha kuna mbili za ziada za kusaidia. Kwenye 2.7 iliyopulizwa, silinda ni zilezile nne, konrodi zilezile, beringi zilezile, gasketi ya hedi ileile, na kila moja inapata kipigo kikubwa zaidi kila mafuta yanapolipuka. Adui wa kwanza hapo ni kugonga. Mafuta yakishinikizwa sana yakiwa ya moto yanajilipukia yenyewe kabla mwali wa plagi haujayafikia. Sauti yake ni kama kokoto chache zinatikiswa ndani ya kopo la maziwa, na ukiisikia kwa dakika moja nzima ukiwa umekanyaga, anza kuwaza bei ya pistoni.

Kiwanda kinachotaka kupuliza injini hakifungi supacharja tu kikaondoka. Tazama V8 ya lita 5.0 iliyokuwa kwenye Range Rover. Bila supacharja kompresheni yake, yaani mara ngapi silinda inaigandamiza hewa yake, ilikuwa 11.5 kwa 1, farasi 375. Yenye supacharja ilishushwa hadi 9.5 kwa 1, na farasi wakafika 510. Wamebadilisha pistoni na kuweka intakula ndipo wakapuliza. Prado yetu ina kompresheni ya 9.6 tangu kiwandani, kwa hiyo kwa bahati haiko mbali na hapo, na nusu baa inaweza kuivumilia ikiwa kompyuta ya injini imepangwa upya na mtu anayejua, injekta zinatosha, na mafuta ni mazuri. Hilo la mwisho silo la kupuuza. Utaiweka gari sawa Dar kwa petroli ya kituo unachokiamini, kisha ujaze Makambako usiku mahali ambapo huna chaguo.

Sasa mlima. Watu wengi huniambia supacharja ndiyo dawa ya miinuko, na nusu ya maneno hayo ni kweli. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Huko anga inasukuma kama kilopaskali 82 na kitu, si 101, na injini isiyopulizwa inapoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu. Zile farasi 240 za V6 zinakuwa 200. Za 2.7 zinashuka kutoka 160 hadi 133 hivi, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia.

Supacharja je? Inazungushwa na puli, na puli haijui kama uko Mbeya. Inachukua hewa iliyopo na kuizidisha kwa 1.5 ileile. Dar ilikuwa inatoa kilopaskali 152. Mbeya inatoa 124. Geji yako iliyokuwa inasoma nusu baa sasa inasoma 0.41, na mtu anadhani mkanda unateleza. Umepoteza sehemu ileile ya sita, kama kila mtu. Farasi 205 za Dar zimekuwa 171. Kinachoweza kuufidia mlima ni turbo, kwa sababu haijafungwa kwenye krenki: hewa ikipungua, inaachiwa izunguke kwa kasi zaidi. Kwa supacharja unaweza kubadilisha puli ukaweka ndogo, ukarudisha msukumo, lakini ukiteremka Dar na puli hiyo umejiwekea bomu. Marubani wa vita vya pili vya dunia walikuwa na jibu la hili: injini za ndege zao nyingi zilikuwa na supacharja yenye gia mbili za kasi, moja ya chini na moja ya angani. Prado haina gia ya namna hiyo.

Nusu iliyo kweli ni hii: hata Mbeya, 2.7 yenye supacharja ina nguvu kuliko 2.7 ya kawaida ikiwa Dar. Hilo si dogo.

Ila mimi nilimuuliza jamaa yangu jambo moja tu. Unakanyaga mafuta hadi mwisho kwa muda gani mfululizo? Mtu anayeishi mjini, anayetaka gari liruke kwenye taa na kupita lori kwenye barabara ya Bagamoyo, anakanyaga sekunde nane, kumi, kisha anaachia. Kwenye sekunde hizo supacharja haijapata moto wa kuitisha, na muda wote uliobaki valvu ya mchepuko inaiacha hewa ipite pembeni, injini inarudi kuwa 2.7 ya kawaida hata kwenye unywaji wake. Kwa mtu huyo ningesema funga supacharja, na nisingesitasita.

Jamaa yangu si mtu huyo. Anatoka Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu na joto, hewa nyuzi 35, anaingia Kitonga na mzigo, nyuma ya semi-trela, dakika nyingi bila kuachia mguu, upepo wa mbele kidogo kwa sababu mwendo ni mdogo. Hewa inatoka kwenye supacharja ikikaribia nyuzi 100. Intakula inahitaji upepo na upepo haupo. Rejeta inahangaika na injini inayotoa joto la farasi 200 kwa njia iliyotengenezewa 160. Kompyuta, ikiwa imepangwa vizuri, inachelewesha moto wa plagi kuokoa pistoni, na nguvu uliyoinunua inayeyuka pale pale ulipoinunulia. Ikiwa imepangwa vibaya haicheleweshi kitu. Hapo V6 inapanda kwa mizunguko 3,000 kama haijui kuna mlima.

Nayo V6 ina bili zake, na zinakuja mapema, kabla hujawasha gari. Kubadilisha injini si kubadilisha injini: ni injini, giaboksi inayoendana nayo, mauntingi, rejeta, ekzosi, wayaringi nzima, kompyuta yake, na ufunguo ambao kompyuta hiyo inautambua. Niliwahi kukaa wiki sita nikisubiri gari langu kwenye gereji moja kwa sababu injini ilifungwa vizuri, ikapendeza, ikagoma kuwaka. Kompyuta ilikuwa inaukataa ufunguo na waya mbili za usalama zilikatwa na mtu huko ilikotolewa. Kisha kuna kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa pale pamoja na ujazo wake, na usipopeleka mabadiliko TRA, siku ya kuuza au ya ajali utamkuta mtu wa bima anasoma kadi kwa makini ambayo hakuwa nayo siku ya kupokea pesa zako. Na kila siku nyingine, kwenye foleni, silinda sita zinakunywa zikiwa zimesimama.

Ndiyo maana kwa gari kama Prado, ambalo Toyota wenyewe walilitengeneza na 4.0 ndani, siamini sana katika kubadilisha injini. Uza la 2.7, ongeza, nunua lenye 4.0 yake ya kuzaliwa, na breki zake, na giaboksi yake. Kubadilisha injini kuna maana pale gari lenyewe lina thamani kwako ambayo soko haliioni, au pale kiwanda hakikuwahi kuliweka na injini unayoitaka.

Haya yote nilimwambia. Akanyamaza, akaangalia pistoni zangu, kisha tukatoka nje nikaliangalia gari lenyewe, jambo ambalo ningepaswa kulianza. Matairi. Alikuwa amefunga 285/70 badala ya 265/65 za kiwandani, kwenye rimu ileile ya inchi 17, ili gari liwe na sura. Tairi hilo ni refu kwa milimita 55 kwa kipenyo, na linapunguza mvuto kwa asilimia 7 kwenye kila gia, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, Dar na Mbeya. Eya klina ilikuwa na vumbi la safari mbili.

Amerudisha matairi ya zamani. Kitonga sasa anapanda gia ya tatu pale penye unafuu, na hataji tena supacharja. Ila V6 imemkaa kichwani. Juzi kanitumia picha ya Prado ya 4.0 iliyoshuka bandarini, na chini yake ameniuliza kama mimi nitaichukua ile ya 2.7.